Trai Ambayo Mzee Mugambi Hakufunga

Kwa majonzi makubwa tunautangazia umma kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 28 Novemba, kiti kilicho karibu na hita katika chumba cha mapumziko, ghala namba tatu, hapa Malton ughaibuni, kitakuwa wazi. Maombi ya kukirithi yasiletwe. Nimeshakikalia mimi.

Mwenye kiti, Mzee Mugambi, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kupakia na kupakua mizigo ya ndege. Alianza mwaka 1993, zamu ya alfajiri, akipanda mabasi mawili kutoka Weston. Anaondoka akiwa msimamizi wa zamu, na mabasi ni yaleyale mawili. Amechelewa mara moja tu, siku aliyozaliwa bintiye Melissa, na hata siku hiyo aliomba radhi.

Wengi wetu tulimjua vizuri Februari ya 2006, mashine ya kusukumia ilipogoma huku kontena la waridi kutoka Nairobi likiwa limekwama mlangoni. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na waridi halijui kuvaa koti. Mzee aliwapanga watu sita bega kwa bega, akawafundisha kuinama, akaonya mtu yeyote asisukume kabla yeye hajahesabu hadi tatu. Kontena likateleza ndani kama droo. Mimi pia nilishiriki: nilishika mlango.

Tulipomwuliza alikojifunza hayo, ndipo akasema aliwahi kuichezea Kenya raga, mwaka 1986, enzi ambazo mchezaji wa taifa alijinunulia njumu, akaomba ruhusa kazini, na Jumatatu akarudi ofisini jicho limevimba. Mdomo wangu ukaanza kazi siku hiyohiyo. Kwa miaka kumi na tisa nimewasimulia wageni wote wa ghala hili jinsi Mzee alivyokimbia nusu ya uwanja na wapinzani wanne mgongoni, akafunga trai ya ushindi dakika ya mwisho. Kufikia mwaka jana wapinzani walikuwa saba. Jeptoo wa dawati la forodha alimwuliza kama ni kweli. Mzee akacheka tu, nasi tukakihesabu kicheko hicho kuwa ndiyo.

Wiki iliyopita nilimpa rasimu ya ukurasa huu ausome, trai hiyo ikiwa ndani. Alivua miwani, akaniambia kwa upole kwamba porojo za chai ni porojo, lakini ikichapishwa hivyo, keki ya kumuaga Ijumaa tuile wenyewe, yeye haji. Kipchirchir, mwenzake wa timu, bado yu hai, yuko Eldoret, na trai ile ni yake.

Basi ukweli ni huu. Mzee aliichezea Kenya mechi moja tu. Jezi aliifua mwenyewe akairudisha, maana chama cha raga kilikuwa na seti moja. Dakika ya mwisho alikuwa mstari wa mbele wa skramu, pale watu wanane wanaposhikana mabega na kusukumana na wanane wenzao. Walisukuma, wapinzani wakarudi hatua nne, mpira ukatokea nyuma, Kipchirchir akauchukua akafunga. Mzee alikuwa chini ya rundo la watu, uso kwenye tope. Alisikia uwanja mzima ukipiga kelele, akadhani wamefungwa wao.

Asante, Mzee, kwa kusukuma. Tunakuombea afya, na usingizi usiojua kengele ya alfajiri. Ijumaa uje. Na tukianza kupiga makofi, tafadhali, inua uso utazame.

Shamez, ofisi ya hati za mizigo