Modesti, Aliyelala na Mkono wa Mama Kifuani

Padre, mwenyekiti wa kijiji, ndugu na majirani, haya ni maisha mafupi ya Modesti Kasimiri. Anayasoma baba yake mdogo, Theodory.

Modesti alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Mei 1971, karibu na Mwimbi, mtoto wa kwanza wa Kasimiri na Bertilla. Mwaka 1974 familia ilihamia kijiji hiki cha ujamaa, nyumba zikabanana, na ndipo majirani wakaanza kumsikia akikoroma. "Anakoroma kama mwenyekiti aliyetoka mkutanoni!" watu walisema. Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Anayesoma haya alicheka kuwashinda wote, akidhani mtoto anafaidi usingizi.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1978. Alipenda hesabu, ila alisinzia mno, hivyo mwalimu akampa kazi ya kugonga kengele. Aliionea fahari hata akawa anaigonga kabla ya wakati. Ndoa hatuna ya kusimulia, maana hakufikisha hata miaka minane.

Bertilla peke yake ndiye aliyeogopa. Kila usiku aliweka kiganja kifuani pa mwanawe. Mkoromo ulipokatika, pumzi nayo ilikatika, na moyo ukapunguza mwendo mpaka mama akawa anauhisi mara moja moja. Kisha mtoto alishtuka, akavuta hewa kwa nguvu, na moyo ukaanza kwenda mbio. Mara mbili alimpeleka zahanati, mara mbili akaambiwa mtoto hana neno.

Januari mwaka huu alikesha naye kwa hadithi asije akalala, kukicha wakashika njia ya zahanati.

"Mama, mbona moyo wake mzima?" aliuliza mganga wa zahanati.

"Ngoja alale, bwana mganga."

Modesti alilala palepale kwenye benchi. Mganga alisikiliza kwa kipimo, akakunja uso, akasikiliza tena. Aliandika barua: mafindofindo yamevimba yakaziba njia ya hewa, apelekwe Sumbawanga akapasuliwe upesi. Lakini malori yalikuwa yamechukuliwa vitani, na mvua zilikuwa zimeharibu barabara.

Modesti alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 13 Februari 1979. Mama yake, aliyeshinda kwenye palizi, alipitiwa na usingizi. Alipoamka mkono ulikuwa bado kifuani, na kifua kimetulia. Bertilla hana kosa lolote, na lisemwe hapa mbele za watu.

Ameacha baba, mama, bibi yake Silvana, na mdogo wake Zita, wa miaka minne. Zita naye anakoroma. Barua yake imeshaandikwa, barabara imeanza kupitika, na lori moja la ushirika lililorudi linaondoka kesho alfajiri kumpeleka Sumbawanga pamoja na mama yake. Mila inamtaka mama mfiwa akae matanga mpaka yaishe. Bibi Silvana amejibu: "Nitayakaa mimi. Asiyeridhika aje alale na Zita leo."

Modesti, mwanetu, lala salama kwa Bwana. Usiku huu mkono wa mama uko kifuani pa mdogo wako.