Kivuli cha Anifa na Ringi ya Baiskeli

YAH: KUJITOKEZA KWA KIVULI NYUMA YA KICHWA CHA MWOMBAJI WA KIBANDA CHA BIASHARA

Hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko, Makambako, mwaka ule ambao kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa isipokuwa vivuli. Anayeomba kibanda kipya alitakiwa kuleta picha mbili ndogo zenye ukuta mweupe nyuma yake, wala pasionekane kivuli, “kwa kuwa kivuli chaweza kudhaniwa kuwa ni mwombaji wa pili.” Tangazo lilikuwa na muhuri, kwa hiyo hakuna aliyelicheka mbele ya mlango ule. Picha za Anifa, muuza vyombo vya plastiki pale njia panda ya kwenda Njombe, zilikuwa zimerudishwa mara mbili, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho saa sita mchana. Aliyezipiga mara zote mbili ni Sudi, mpiga picha. Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai, baridi ikiwa imewakunja watu kama mbwa waliolala jivuni, Sudi alikuwa amekaa kwenye benchi la kahawa la Mzee Bashiru, mbele ya mlango wa studio yake mwenyewe, ringi ya baiskeli magotini, akiomba moyoni Anifa achelewe.

— Hebu tulichukue jambo hili kwa utaratibu, alisema Kaimu.

Kaimu jina lake ni Steven. Aliwahi kukaimu ukuu wa idara kwa wiki tatu kabla hajapunguzwa kazi pamoja na idara yenyewe. Idara imekwisha, yeye bado anakaimu.

— Wakati wetu, aliendelea, kivuli hakikuwa tatizo. Kilikuwa cha umma. Mtu alipigwa picha na kivuli chake, wote wawili wanapanga foleni ya sukari.

— Na wote wawili wanaikosa, alisema Soko Huria.

Huyu ni Abdulaziz, mwenye lori moja la kwenda Songea na maoni ya kujaza malori kumi.

— Mimi nashangaa mnahangaika kukiondoa, alisema. Ofisi imeshakiri yenyewe kuwa kivuli ni mwombaji wa pili. Basi aombe. Dada Anifa achukue kibanda cha mbele, kivuli chake kichukue cha nyuma. Huo ndio ushindani wenyewe.

— Kivuli kitaandikishwa kwa jina gani? aliuliza Kaimu, maana hilo lilimgusa.

— La baba yake. Kwani baba hakuwa na kivuli?

Sudi hakucheka. Alikuwa anahesabu holda za balbu alizofunga kwenye ringi kwa waya wa uzio. Kumi na mbili, zimeizunguka ringi kama namba za saa, na katikati pengo la kupitishia jicho la kamera. Fikra ilikuwa yake. Nyaya zilikuwa za Yosefu, fundi redio, aliyeitwa Injinia Waya. Redio alizotengeneza Injinia zilikuwa zinasema, ila haikuwa lazima ziseme ile stesheni uliyoitafuta.

— Sikilizeni elimu, alisema Injinia. Kivuli ni nini? Ni mwanga uliokuja upande mmoja. Flashi ya Sudi inampiga mtu kutoka kulia, kivuli kinakimbilia kushoto. Sasa mimi nauzingira uso pande zote. Kivuli kinataka kukimbilia kushoto, kinakuta balbu. Kulia, balbu. Kitakwenda wapi?

— Kitakwenda wapi? aliuliza Mzee Bashiru, akijaza vikombe.

— Kitarudi mwilini.

 Kaimu akaweka kikombe chini.

— Na mwili utakipokea? Maana mtu anaweza kuzidi uzito.

— Utakipokea kama kilivyotoka, alisema Injinia. Tatizo ni kama mtu alikuwa na ugomvi na kivuli chake.

— Mimi siwezi kupigwa na hiyo kitu, alisema Soko Huria. Kivuli changu kimetembea na mimi mpaka Tunduma. Kinajua mambo mengi mno kukiruhusu kuingia ndani.

— Jana mbona haikuwaka? Kaimu alimuuliza Injinia, kwa sauti ya mtu anayekagua.

Hapo Sudi mwenyewe alijibu, kwa sababu jambo hilo lilimuuma. Jana Injinia alizifunga balbu zote kwenye mstari mmoja, hii inapokea kutoka kwa hii. Zikawaka kama sigara gizani, kisha moja ikaungua na zote zikalala.

— Ule ulikuwa mfumo wa chama kimoja, alisema Injinia bila haya. Leo nimeleta vyama vingi. Kila balbu na waya wake. Moja ikifa, nyingine zinaendelea na kampeni.

Anifa alitokea upande wa stesheni ya reli, amejifunga khanga mbili juu ya sweta, uso umekauka kwa baridi.

— Asalaam aleikum. Kaka Sudi, tayari?

— Waaleikum salaam, dada. Tayari, alisema Sudi, na mwenyewe akajisikia anavyodanganya.

— Maana kaka yangu, masika mawili mimi nafunika bakuli kwa nailoni, mwenyewe nanyeshewa. Bakuli zangu hazijawahi kulowa. Leo kilichobaki kati yangu na bati ni kivuli tu. Ukishindwa, niambie sasa hivi nipande gari niende Njombe, labda kule vivuli ni vyembamba.

Hilo la Njombe lilimchoma Sudi. Akienda Anifa, atafuatwa na soko zima.

Wakaingia studio, na benchi lote likaingia nyuma yao. Kaimu alisema ni kwa ajili ya ushahidi. Ukweli ni kwamba balbu zilipowaka zote chumba kilipata joto ambalo Makambako haikuwa imeliona tangu Machi. Soko Huria alinyoosha viganja kama anaota moto. Anifa alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, macho yakimtoka machozi. Sudi akapitisha kamera katikati ya ringi, akapiga. Sekunde mbili baadaye fyuzi ikakatika, na kutoka kwa kinyozi wa jirani sauti ikauliza ni nani aliyemwachia mteja nusu kichwa.

Sudi akajifungia kwenye chumba chake cha giza kusafisha picha. Wengine wakarudi nje kwenye benchi, kahawa ikanywewa duru mbili. Alitoka na picha mbichi inayodondosha maji. Alimpa Anifa.

Anifa aliitazama muda mrefu.

— Pua yangu iko wapi?

— Mwanga umeisawazisha, alisema Injinia.

— Na hiki?

Kuzunguka kichwa chote cha Anifa, sikio hadi sikio kupitia utosini, kulikuwa na duara jeusi lililochorwa vizuri kama kwa bikari. Kaimu aliinama kutazama.

— Huyu amekuwa mtakatifu, alisema. Nimeona wa hivi kanisani kule misheni, ila wao duara lao ni la dhahabu.

— Mimi Anifa binti Sefu, mtakatifu, alisema Anifa polepole. Ofisi ilikataa kivuli kimoja, ninyi mmeniletea kumi na viwili.

— Havikukimbia, alikubali Injinia. Lakini angalia vilivyojipanga. Tukiongeza balbu kumi na mbili nyingine nyuma ya kichwa chake, na moja ndogo mdomoni...

— Au tuupake ukuta rangi nyeusi, alisema Kaimu, kisha tuiandikie ofisi kuiomba itambue mweusi kama aina ya mweupe.

— Au alale chini barabarani saa sita mchana, alisema Soko Huria, apigwe kutoka juu ya lori langu.

Anifa alianza kufunga khanga yake upya, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Sudi alitaka kumwambia asiende, akakosa sababu ya kumpa.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Idda, anasubiri basi la Njombe na kikapu chake cha viazi. Alikwisha kuwasalimu kamwene, salamu ya kwao, nao wakaitikia bila kumtazama. Sasa alishika ile picha kwa ncha za vidole, akachungulia mlangoni kwenye kigoda, akairudia tena picha.

— Samahani, ndugu zangu. Kwani ni lazima huyu dada aegemee ukuta?

Soko Huria alitazama ndani ya kikombe chake. Injinia alishika waya mmoja, akauachia. Kaimu alikohoa na kusema kwamba swali hilo halikuletwa kwa maandishi. Mzee Bashiru aliinamisha birika, likatoa machicha.

Sudi aliingia ndani peke yake. Kigoda kile alikikuta ukutani siku alipopanga chumba, naye hakukigusa miaka yote hiyo ila kwa kukifuta vumbi. Alikibeba, akakiweka katikati ya sakafu, akamwita Anifa.

Picha ilipigwa kwa flashi ya zamani. Kivuli kilianguka nyuma, chini ya mabega, nje ya picha. Kesho yake, kabla ya saa sita, ofisi ya soko iliipokea.