Mfereji Una Mwenyekiti

Jumanne asubuhi mfereji wa jamii, bomba la maji la pale Nyalenda, ulikuwa na kufuli, na mitungi ya akina mama ilishapanga foleni hadi barabarani. Hatua chache kutoka hapo, kwenye benchi la Maximilla muuza kahawa, Wechuli aliisema serikali kwa sauti kuliko siku zote. Alikuwa na sababu. Watu walimwita Mwenyekiti kwa kuwa kamati ya mfereji ilimkabidhi ufunguo mwezi huu, na ufunguo wenyewe aliusahau juzi kwenye suruali aliyovaa matangani Busia. Hakuwa amemwambia mtu. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, basi akazidisha maneno.

— Serikali haina mwenyewe! Choo ya ofisi ikiziba, wanaunda kamati. Nani anajibu? Hakuna!

— Kampuni ndio iko na discipline, omera, ndugu yangu, akadakia Ogola, fundi viatu aliyeitwa Meneja kwa sababu ya wiki mbili alizofanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Ukikosea saa mbili, saa tatu uko nje ya gate na barua.

— Na wewe ulitolewa kwa nini? Maximilla akauliza.

— Hiyo tuachane nayo.

— Kampuni gani inajibu mtu? Wechuli akarudi. Ukipiga simu unaimbiwa wimbo nusu saa, halafu inakata. Inaogopa wenye hisa tu.

— Basi serikali tupatie wamama wa chama, wale wa mikopo! Ogola akaruka. Ukichelewa kulipa kidogo, wanakuja wanabeba sofa.

— Kila waziri alete sofa kabla aapishwe! Wechuli akapiga paja. Akikosea, ibebwe kwa pickup, live kwa TV!

Walikuwa bado wanacheka Dorca alipofika na mtungi wa lita ishirini. Alihamia ploti ya jirani Jumamosi, kutoka Kisian.

— Samahani wazee. Ufunguo ya mfereji iko na nani?

Ogola akachungulia kikombe chake. Wechuli alitaka kusema kwamba kamati itakaa, lakini aibu ikamshinda.

— Ni mimi, mama. Niliisahau Busia. Nisamehe.

Dorca alimtazama, kisha akamwekea mtungi mkononi.

— Kuna bomba ingine kule chini. Twende.

Wechuli akainuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajisikia mwepesi. Alipopita kwenye foleni, mama wa kwanza akasukuma mtungi wake mbele.

— Na yangu, Mwenyekiti.

— Na hii yangu! akadakia wa pili.

— Meneja, akaita Wechuli, leta mkokoteni!