Rubisi ya Kumaliza Maneno

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Kina mama wenzangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Kiongozi wetu kaniomba nisimame kwa kuwa kachoka kuniona nikilia kila tukifika kwenye maombi ya watoto. Haya, leo nitasema nikae.

Mnajua nilifiwa na mume. Nikabaki na binti yangu kwenye kibanja cha baba yake hapa Mabira, migomba na kahawa kidogo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akawa msimamizi wa kila kitu. Akisema palilieni, tunapalilia. Akisema kahawa isiuzwe, haiuzwi. Kwetu Nyakakika wazazi walishafariki, na kaka zangu wamegawana shamba mpaka mlangoni. Ndugu zangu, nawaambia, mtu asiye na pa kurudi huitikia "ndiyo, shemeji" kabla hata hajaulizwa.

Ukaja msimu wa senene. Mambo ya senene mnayajua, msicheke: sisi tunakamata, tunanyonyoa mabawa, tunakaanga, kisha sahani inakwenda kwa mwanaume. Binti yangu, darasa la tatu, alinyonyoa tangu asubuhi. Njaa ikamshinda, akala senene wa baba yake mkubwa. Akawamaliza.

Nilikuwa kisimani. Nikasikia kilio, nikatupa ndoo. Nilimkuta shemeji kamshikilia mtoto mkono wa kulia juu ya makaa.

"Namfundisha asiibe," akasema, wala hakushtuka.

Zahanati alikuja na sisi, akaongea yeye. Akasema mtoto kaangukia jikoni. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Ukipeleka maneno serikalini, beba na godoro lako."

Niliogopa, jamani. Nikawa kama mbuzi wa kamba fupi, majani anayaona, hayafikii. Nikimshitaki, mimi na mtoto tunalala wapi? Nikinyamaza, kesho atamchoma wapi tena? Nilikuwa nikienda shambani namchukua, nikienda kisimani namchukua.

Jumapili moja baada ya ibada ukoo ukakaa. Ikaletwa rubisi, hii pombe yetu ya ndizi. Kwa ukoo ule, mama wa mtoto akishaonja, maneno yamekwisha, na atakayeyafufua anatengwa. Mtoto ndiye anayemletea mama yake kikombe, kuonyesha kwamba na yeye ametubu. Eti ametubu! Mkono umefungwa bendeji, anatubu yeye!

Akaja na kikombe, kakishika kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja akafoka, "Mtoto gani huyu anatoa kwa kushoto? Shika kwa mikono miwili!"

Binti yangu, kwa utii tu, akainua ule wa bendeji ashike. Vidole vikakataa. Rubisi ikamwagika kidogo, akaanza kuomba msamaha.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea. Kweli ya Mungu, ningekunywa. Ndipo mama mkwe wangu, mama mzazi wa huyo huyo shemeji, akasema, "Usinywe, mwanangu. Huyu nimemzaa mimi, lakini rubisi hii siinywi, na wewe usiinywe."

Akainuka na fimbo yake mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda. "Wapeleke Rubwera, kwa watu wa ustawi wa jamii."

Afisa aliyeitwa kutoka kwake, maana ilikuwa Jumapili, alikuwa binti mdogo, mtu wa Muleba. Aliniamkia, akamtazama mtoto mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, nikishitaki nitafukuzwa."

Akasema, "Mama, hushitaki wewe. Kumfanyia mtoto ukatili ni kosa la jinai. Anayeshitaki ni Jamhuri, wewe ni shahidi. Na Jamhuri hainyweshwi rubisi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Siku zote nilidhani mzigo ule ni wangu peke yangu.

Shemeji alifika mahakamani, akahukumiwa. Ila msidhani nilirudi kwa vigelegele. Nilikuta migomba imekatwa. Mama mkwe akahamishia kitanda chake kwangu, akatangaza, "Atakayemfukuza huyu aanze na mimi." Tuko naye hadi leo. Wa ukoo bado wapo wasionisalimia, na wengine tunasali nao humu humu. Vidole viwili vya mtoto havinyooki, lakini kalamu anashika.

Namshukuru mama mkwe, aliyeumia kuliko mimi. Namshukuru yule afisa, na dereva wa bodaboda aliyetungoja mpaka tukamaliza.

Na ninyi nina neno. Yule afisa alinieleza kwamba sheria inamtaka kila anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa. Kila mtu, si mama yake tu. Siku ile mwanangu alilia sana, na baadhi yenu mlikuwa mnapalilia ng'ambo ya barabara. Sijasimama kugombana. Naomba tu, safari nyingine mkisikia mtoto analia namna ile, msikae mkimngoja mama yake. Huenda na yeye ameshikwa.