Delfina Bertolusso na Nyumba ya Juu ya Banda la Mbwa

Tarehe 3 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Huberto aliye msimamizi wa wawindaji, Madama Delfina Bertolusso anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika jumba la uwindaji la kifalme la Valmorena. Kamati imeniomba mimi, Ghigo Tarditi, fundi wa paa, niandike wasifu mchangamfu wa kusomwa kwenye sherehe. Nitajitahidi. Ila nimekasirika, na sioni kwa nini nifiche.

Delfina aliajiriwa kufagia, akawa mwongozaji wa wageni, kisha mkuu wa wahudumu wa jumba zima. Wageni wengi huja wakitegemea kuona vitanda vya dhahabu. Yeye huwakata maini mlangoni: mfalme hakujenga Valmorena apate pa kulala, alitaka pa kuvulia buti na kula nyama aliyoiua asubuhi. Ndiyo maana katikati kuna ukumbi mmoja mkubwa wenye umbo la yai, na mabawa manne yanatoka hapo kuelekea njia nne za msituni. Juu ya kuba amesimama kulungu wa shaba. Ndani, roshani inauzunguka ukumbi wote, na huko mabibi wa kifalme walikaa wakiwacheka wanaume waliorudi na matope hadi kiunoni. Wafalme walipoondoka, jumba likawa ghala la mchele, kisha hospitali ya askari, kisha makazi ya popo. Delfina aliwakuta popo hao, na hawakumpenda.

Kuba lile hurudisha sauti, maana mfalme alitaka kusikia mbwa wake hata akiwa mezani. Delfina haelezi jambo hilo, anakwambia ubweke. Alikuja waziri mmoja na msafara wake, suti zimenyooka, nyuso zimekunjwa. Muda si mrefu wote walikuwa wanabweka, na waziri akaomba warudie.

Mvua kubwa ya mawe ilipovunja vioo vya kuba, Delfina alipanda ngazi na shuka zake za harusi kwenda kuziba, maji yasiufikie mchoro wa Diana, mungu wa uwindaji. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, nikimpigia kelele ashuke. Akanijibu kwamba nikinyamaza atamaliza mapema. Diana yupo hadi leo, na shuka hazikufaa tena hata kwa kupigia deki.

Sasa nije kwenye kilichonikasirisha. Delfina anaishi katika bawa la mashariki, juu ya banda la zamani la mbwa. Mjenzi alipitisha bomba la moshi ndani ya ukuta ule ili mbwa wa mfalme wasipate baridi. Mbwa, siyo wapishi! Bomba bado linafanya kazi, na jiko la Delfina ndilo chumba chenye joto kuliko vyote Valmorena. Humo alifika akiwa bibi harusi. Humo mumewe Secondo, mlinzi wa msitu, alifariki akiwa amemshika mkono.

Mkurugenzi wetu, Daktari Sanseveri, ni mchapakazi, ila ni mtu wa Roma. Mwezi wa nne alimkuta koridoni akamuuliza, "Madama, ukistaafu ungependa kubaki kwenye ile nyumba?" Delfina akajibu kama mtu aliyelelewa vizuri, "Ah, hapana jamani, nisiwasumbue." Mkurugenzi akasema, "Haya, asante," akaenda zake.

Akaenda zake!

Jamani, hapa ni Piemonte, siyo Roma. Ukikaribishwa kahawa mara ya kwanza, unakataa. Mara ya pili unasema labda kidogo. Mara ya tatu unavuta kiti. Shangazi yangu alilazwa hospitali Roma, akakataa sahani ya kwanza kwa adabu, nayo sahani ikaondolewa. Alirudi amekonda, na mpaka leo anawasema.

Basi nyumba imepangwa kuwa duka la kuuzia wageni kofia zenye pembe za plastiki. Bodi inapitisha Jumatatu baada ya sherehe hii. Delfina atahamia Torino kwa dada yake, ghorofa ya tano, alale kwenye kochi la sebuleni.

Nilimfuata mkurugenzi. "Ghigo, alikataa mwenyewe," akaniambia. "Mtu mzima akisema hapana, mimi ni nani nimlazimishe?"

"Nani kasema umlazimishe, bosi? Muulize tena tu!"

Akaniangalia kama amenusa pombe mdomoni mwangu. Nikamwendea Delfina, nikamkuta anafunga vikombe kwenye magazeti.

"Si umwambie tu kwamba unataka, Madama? Mdomo unao!"

"Ghigo, kaniuliza mara moja tu," alisema, bila kuinua macho. "Angekuwa ananitaka, angeuliza tena."

Hilo ndilo linalonichoma. Mama huyu anafunga mizigo akiamini kwamba hatumtaki, na mkurugenzi analala usingizi akiamini kwamba amemheshimu. Kila mmoja ana adabu zake, na katikati yao mtu anapoteza nyumba. Haiwezekani, na mimi sikubali.

Kwa hiyo, Daktari, nakala ya karatasi hii unayo mkononi na watu wote wanakutazama. Simama, muulize mara ya pili. Atakataa. Tafadhali usikae! Muulize ya tatu, kisha nyamaza usubiri.

Na wewe Delfina, asante kwa yote, asante kwa Diana na kwa waziri aliyebweka. Umetulea hapa bila kutuomba chochote. Leo omba. Tusumbue, mama, tusumbue sana. Tunakutakia maisha mema, na tunakutakia uyaishi hapahapa.