Makufuli Manne kwenye Mlango wa Wazazi

"Bila makamu wanne, hapa tungekuwa tunakatana mapanga mpaka leo."

Maneno hayo si yangu. Ameyasema Mheshimiwa Mwenyekiti muda mfupi uliopita, kwenye kipaza sauti hiki hiki, nanyi mkapiga makofi. Nitayajibu. Lakini kwanza itifaki, maana hapa kwetu mtu husamehewa uongo, itifaki hasamehewi.

Mheshimiwa Mokami, Mwenyekiti wa Baraza la Pamoja la Kanda. Waheshimiwa makamu wenyeviti wa Wakurya, wa Wajaluo, wa Waikoma na wa Waislamu wa mjini, ambao nimeelekezwa niwataje kwa pumzi moja ili asipatikane wa nne. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa. Na akina mama mliokaa juani kwa sababu turubai liligawanywa kwa makabila na ninyi mkahesabiwa kuwa hamna kabila: nawasalimu wote.

Nimepewa kazi ya kumsifu Mzee Mseti, Makamu wa Wakurya, anayestaafu leo. Namsifu kwa moyo wote. Hajawahi kuchelewa kikao. Hajawahi kusinzia ndani ya kikao bila kuomba ruhusa. Na kufuli lake halijashika kutu hata siku moja. Analipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Ni makamu gani mwingine anayeweza kusema hivyo?

Wageni wetu kutoka Musoma mnashangaa, kufuli gani? Zahanati yetu ilipojengewa jengo la wazazi, Baraza liliogopa kwamba kabila moja litalimiliki. Basi kila makamu akafunga kufuli lake mlangoni, ufunguo akautia mfukoni. Mlango haufunguki mpaka wafike wote wanne. Hayo ndiyo tuliyoyaita maridhiano. Wezi wameshindwa kuingia, nakiri. Wajawazito nao wameshindwa.

Mwezi wa tano, mvua inanyesha, Sophia akaletwa na uchungu. Makamu watatu walikuja mbio, nawapongeza. Kufuli lililobaki lilikuwa la Makamu Elia, wa Waikoma, naye alikuwa Mwanza, yeye na ufunguo wake, kwenye semina ya mshikamano. Mama mkwe wa Sophia, mama wa Kikurya asiyejua kubembeleza, akamgeukia mlinzi, Magige.

"Wewe mura, kijana, leta nyundo. Vunja!"

"Mama, mimi Mkurya nikivunja kufuli la Waikoma, kesho itasemwa tumeanza vita."

"Na huyu aliyelala kwenye saruji ni nani? Si binti wa Waikoma huyu?"

"Ni binti yao, Mama. Lakini kufuli lina makamu. Yeye hana."

Sophia akajifungulia barazani, makamu watatu wakimshikia miavuli. Mtoto yuko hai. Tumshukuru Mungu na mkunga. Baraza lisijipange kwenye foleni hiyo. Baada ya hapo Baraza likaitisha kikao cha dharura. Kujadili makufuli? Hapana. Kujadili kabila la mtoto! Baba Mkurya, mama Mwikoma, atawakilishwa na nani? Busara ikapatikana: aongezwe makamu wa tano, wa waliochanganyika. Na nasikia kufuli lake limeshanunuliwa.

Sasa nakujibu, Mwenyekiti. Ni kweli, tulipigana. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na hapa wamo watu waliozika ndugu zao. Ndiyo maana sipingi kila jamii iwe na mtu wake mezani. Kiti ni haki. Lakini nani alituambia kwamba ukimpa mtu kiti lazima umpe na mlango wa kuwafungia wenzake?

Huyo ng'ombe anayenukia huko nyuma alichinjwa na Hamidu, ili Mwislamu na asiye Mwislamu tule pamoja. Aliyemwita Hamidu ni nani? Ni hao akina mama wa juani, kama walivyofanya mama zao. Vijana wa Kikurya wamechoma, Wajaluo wameleta samaki, Waikoma wameleta asali. Hakuna aliyepiga kura. Kikao cha makamu kuhusu ng'ombe huyo huyo kilivunjika jana, kwa sababu wote wanne walitaka kidari. Kwa hiyo usituambie amani imeletwa na makamu, Mwenyekiti. Mliikuta jikoni, mkaenda kuifungia makufuli.

Ratiba inasema sasa Mzee Mseti amkabidhi mrithi wake ufunguo, juu ya mto wa hariri. Tata, baba yangu, nakuomba usimkabidhi. Na wewe mrithi, rudisha mikono yako mfukoni.

Mwajuma, mke wa Hamidu, simama wakuone. Pole pole, mama. Mnaliona tumbo hilo? Halina habari na semina. Ni leo, ni kesho, hakuna ajuaye.

Hamidu, leta sinia tupu hapa mbele. Makamu Mseti, Makamu Elia, na ninyi wawili mnaotazama viatu vyenu: wekeni funguo zenu humu, sasa hivi, mbele ya Mwajuma, na sinia liende moja kwa moja kwa mkunga. Nyama imeiva. Nimeongea na akina mama, na wao ndio wenye visu: hakuna atakayekatiwa kidari wala mfupa kabla hatujasikia vyuma vinne vikigonga sinia hili.

Asanteni kwa kunivumilia. Sirudi kukaa, nasubiri hapa hapa.