Muuguzi Elinipendo Akabidhi Ufunguo wa Kabati la Dawa

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Muuguzi Elinipendo Ndesanjo anakabidhi ufunguo wa kabati la dawa na kustaafu, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya wazee, hapa Old Moshi, kwa miaka thelathini na mmoja.

Wazee wanampenda, ingawa anawasumbua. Kila Jumatatu hupita na beseni akikagua chini ya mito na ndani ya makopo ya chai, na kidonge atakachokikuta huko hakirudi. Babu Wenseslaus aliwahi kushikilia kwamba dawa isiyofunguliwa haiharibiki. Alisomewa tarehe ya kuisha mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, mpaka akaomba radhi.

Ukali huo una chanzo. Mwaka 2011 tulikuwa tukiwapa wazee dawa za siku tatu kwenye vipande vya karatasi visivyoandikwa chochote. Asubuhi moja Bibi Aikande aliumwa kichwa. Jirani yake wa kitanda, Bibi Theodora, akamgawia vidonge vyake viwili, kwa moyo uleule wa kugawana ndizi; huku mlimani huwezi kuwa na kitu jirani yako akakosa. Kumbe vilikuwa vya kisukari, na Bibi Aikande hana kisukari. Alilowa jasho, akazimia, na karatasi haikuweza kutuambia amemeza nini. Elinipendo alimpima sukari, akamtundikia dripu, akamshika mkono hadi bibi alipofumbua macho na kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Sote tulilia.

Tangu hapo kila mzee ana kisanduku chake kabatini, chenye picha, jina kamili, jina la dawa, kipimo, saa na tarehe ya kuisha, kwa herufi kubwa. Insulini ina friji yake, maziwa yalihamishwa. Ufunguo haukai tena msumarini, anao muuguzi wa zamu. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemeza dawa ya mwenzake.

Ripoti ya siku ile inasema zile karatasi za dawa ziligawiwa wazee na Elinipendo. Alipewa barua ya onyo na akakosa kupandishwa cheo. Aliyezigawa ni mimi, Davis, nikiwa na wiki tatu tu kazini. Alisema zamu ni yake, kwa hiyo kosa ni lake, kisha akanikalisha nijifunze kuandika lebo.

Shikamoo, mama, na asante. Nenda kihambani kwako Mwika, kwenye shamba lako la migomba, ukapumzike. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi. Jana niliomba ripoti ile isahihishwe, iandikwe jina langu.